Mume yuko Uingereza, viza haijatoka: namna ya kupanga matibabu ya uzazi

Friji ya gesti tuliyofikia Ngara, Nairobi, ilikuwa na soda, maziwa ya mwenye nyumba na mfuko wangu wa sindano. Mume wangu alikuwa amekuja kutoka Leicester kwa siku 14. Siku ya 12 daktari aligeuza skrini ya ultrasaundi ili sote tuone: mfuko mkubwa kabisa wa yai ulikuwa na milimita 14. Alitaka ufike 18 hivi. "Bado siku tatu, nne," akasema. Tiketi ya mume wangu ilikuwa ya keshokutwa yake, ile ya bei nafuu isiyobadilishwa. Akaondoka, na hakuna aliyekuwa amemwambia agandishe mbegu siku alipofika. Tungeweza kugandisha mayai peke yake, bila kuyatungisha, lakini hela ya kulipia hilo hatukuwa nayo. Sindano za wiki mbili zikaenda bure, nami nikapanda treni kurudi Mombasa nikiwa nimevimba tumbo na sina la kumwambia mama.

Mwaka uliofuata tulirudia, kwa mpangilio mwingine, na ukatufaa. Tangu hapo nimekuwa nikipigiwa simu na kina dada walio katika hali ileile: mume yuko Uingereza, mke yuko Kenya au Tanzania, ombi la viza ya mwenzi limekwama mahali au bado halijapelekwa, na mke ana miaka 36. Nimechoka kurudia maneno yaleyale kwenye simu, basi nayaandika hapa. Mimi si daktari wala mwanasheria. Ada na viwango nilivyotaja hubadilishwa mara kwa mara, hasa kila Aprili, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza kabla hujatoa hata senti.

Kwanza, andika kalenda mbili kwenye karatasi moja

Chukua karatasi, uigawe kati. Upande mmoja weka mambo ya viza: mtihani wa Kiingereza, cheti cha kifua kikuu, miezi sita ya hati za mshahara wa mume, siku ya kuwasilisha ombi, siku ya alama za vidole, majibu. Upande wa pili weka mambo ya mwili: umri wako, tarehe za hedhi, vipimo, likizo ya mume, kutoa mayai ili yatungishwe maabara, kuyapandikiza kizazini (ndiyo IVF, ninayoiita upandikizaji).

Ukishaandika utaona kitu ambacho sisi hatukukiona. Kalenda ya viza husogea. Wanasema wiki 12, lakini likitakiwa karatasi moja la ziada, au ombi likikataliwa mkaenda rufaa, mwaka unaisha. Ya mayai haimsubiri mtu. Uwezo wa mayai hushuka kwa kasi baada ya miaka 35, na baada ya 40 ni mteremko mkali. Kwa hiyo ukiwa na miaka 28 na hedhi yako haina tatizo, huenda huna haja hata ya kusoma mpaka mwisho. Pateni viza, mkae pamoja, mjaribu. Ukiwa na 36, usikubali mtu akuambie "subiri ufike kule kwanza."

Halafu kuna hesabu moja inayowatia watu wasiwasi bure. Madaktari husema mtu ana tatizo la uzazi akijaribu miezi 12 bila mimba, au miezi sita kama ana zaidi ya 35. Miezi hiyo ni ya watu wanaolala kitanda kimoja. Kama mmeoana miaka minne na mmekutana mara tatu, wiki mbili kila mara, hamjajaribu miaka minne. Mmejaribu kama mwezi mmoja na nusu. Mwambie daktari hivyo waziwazi, maana nimeona dada anapelekwa moja kwa moja kwenye upandikizaji wa gharama kubwa na hana ugonjwa wowote. Alichokosa ni mume wa kukaa naye.

Jua hadhi ya mume, kwa sababu ya mtoto

Hili watu huliruka, na ndilo linaloamua kama ni sawa mtoto azaliwe Nairobi au afadhali azaliwe kule.

Kama mume ni raia wa Uingereza kwa kuzaliwa huko, au aliomba uraia akiwa huko na akaapishwa, mtoto wenu akizaliwa Mombasa au Dar es Salaam ni Mwingereza tangu siku ya kwanza. Utahitaji kumwombea pasipoti, nayo ina makaratasi yake na ngoja-ngoja yake, lakini hahitaji viza. Kama mume alipata uraia kwa kurithi tu kutoka kwa baba yake, naye hakuzaliwa kule, kwa kawaida hawezi kumrithisha mtoto aliyezaliwa nje. Familia za pwani zenye babu wa pasipoti za zamani, hili liangalieni vizuri.

Kama mume ana ukaazi wa kudumu tu, mambo yanageuka. Mtoto akizaliwa Uingereza ni raia moja kwa moja. Akizaliwa Kenya si raia, na atahitaji ombi lake, ada yake na malipo yake ya afya yanayodaiwa pamoja na viza. Kuna mume mmoja niliyemshauri aliyekuwa amebakiza muda mfupi tu kufikia sifa za uraia. Wakaamua kugandisha viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kutungishwa, na kungoja. Wengine hawana muda huo, na si kosa.

Kama mume yuko kwa viza ya kazi, kwa kawaida wewe utaingia kama mtegemezi na kanuni za mshahara nitakazozitaja hapa chini si zenu. Ila wafanyakazi wa kutunza wazee walioingia kwenye njia hiyo kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mke wala watoto. Kwao kungoja viza ya mke ni kungoja kitu ambacho kwa sasa hakipo, na mpango wa uzazi ufanywe kwa kulijua hilo.

Watanzania mkumbuke pia kwamba nchi yenu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Kenya inaruhusu tangu katiba ya 2010.

Vipimo: fanyeni sasa, kila mtu alipo

Hapa hakuna cha kusubiri. Wewe pima homoni ya AMH, ambayo hutoa picha ya akiba ya mayai, na ultrasaundi ya kizazi na ovari. Mwambie daktari aangalie uvimbe wa kizazi. Fibroidi ni nyingi mno kwetu, na ukiwa na ile inayosukuma ndani ya mji wa mimba huenda ukahitaji upasuaji kisha miezi kadhaa ya kupona. Ni vyema kuipoteza miezi hiyo sasa mnapongoja viza kuliko baadaye. Mirija hupimwa kwa picha ya dawa, baada ya hedhi kuisha na kabla yai halijatoka. Ni eksirei, na huuma kidogo, usidanganywe.

Mume apimwe mbegu kule aliko. Akae siku mbili mpaka saba bila kutoa, asizidishe. Wanaume wetu hulikwepa hili kwa maelfu ya sababu, "zamu za usiku," "daktari hajanipa nafasi," na huku mama mkwe anamuulizia mke dawa ya mitishamba. Shemeji zangu, sababu ya upande wa mume huchangia karibu nusu ya kesi. Kipimo kimoja, kikombe kimoja. Na kama majibu si mazuri, habari njema ni kwamba mbegu hutengenezwa upya kwa takriban siku 74, hivyo akiacha sigara, akipunguza uzito na pombe leo, mabadiliko yataonekana baada ya miezi mitatu. Hiyo iwe ndiyo hesabu ya safari: aanze kujitunza miezi mitatu kabla ya tiketi.

Wote wawili mpime virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kliniki yoyote itavidai kabla ya kugandisha kitu. Wewe ongeza kinga ya rubela. Kama huna, chanjo yake ni ya virusi hai, na baada ya kuchomwa lazima ungoje mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Anza foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku.

Likizo ya mume na hati zake za mshahara

Sasa tufike mahali ambapo matibabu yanaweza kuua viza.

Mdhamini anayeomba kumleta mke kwa mara ya kwanza lazima aonyeshe mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichoanza tarehe 11 Aprili 2024. Kwa aliye na kazi ya mshahara katika kampuni moja, hilo huthibitishwa kwa hati za mshahara za miezi sita mfululizo pamoja na taarifa za benki zinazolingana nazo, na hati ya mwisho isizidi siku 28 siku ya kuwasilisha ombi. Gawanya 29,000 kwa 12: ni kama pauni 2,417 kwa mwezi kabla ya kodi. Afisa huangalia mwezi wa chini kabisa.

Mume akija Nairobi wiki tatu kwa likizo ya malipo, mshahara haushuki, hakuna shida. Akija kwa likizo isiyo na malipo, ule mwezi unashuka, na ombi lote linaweza kuanguka kwa sababu ya mwezi mmoja mlioutumia hospitalini. Kwa anayelipwa kwa saa, wanachukua wastani, lakini wiki tatu bila zamu bado huuburuta wastani chini. Sheria ya Uingereza inampa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki siku 28 za likizo ya malipo kwa mwaka, sikukuu zikihesabiwa humo. Azitunze. Asizimalize Desemba kwenye harusi ya binamu. Kama hana budi kuchukua likizo bila malipo, basi iwe kabla ya miezi sita mnayotaka kuipeleka, au baada ya ombi kuingia.

Kuna wanaotegemea akiba badala ya mshahara. Akiba hiyo ni pauni 88,500, nayo lazima ikae miezi sita bila kushuka chini ya hapo. Ukichota humo kulipia kliniki, saa inaanza upya. Fungueni akaunti nyingine ya matibabu.

Na bajeti yenyewe? Ada ya viza ya mwenzi kwa mwombaji aliye nje iliwekwa kuwa pauni 1,938 Aprili 2025. Malipo ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miaka miwili na miezi tisa huhesabiwa miaka mitatu, yaani 3,105. Jumla yake imepita pauni 5,000 kabla ya mtihani, tafsiri na nauli. Mzunguko mmoja wa upandikizaji Nairobi unaweza kufika nusu milioni za Kenya au kuzidi, dawa zikiwemo, na bima nyingi haziugusi. Harambee ya familia ni nzuri, ila hela za jamaa zikiingia kwenye akaunti ya mdhamini kwa mafungu makubwa huleta maswali. Zikusanywe kwako, au kwa wifi.

Ziara ya mume: siku ya kwanza, agandishe

Sikiliza hili kuliko mengine yote hapa. Mume akishuka Jomo Kenyatta, alale, aoge, na kesho yake au siku inayofuata aende kliniki kugandisha mbegu. Usiwe mpango wa dharura, liwe jambo la kwanza. Mbegu zilizogandishwa hukaa miaka. Baada ya hapo hata ndege ikiondoka naye, mwajiri akimwita, mayai yako yakichelewa kama yangu, kazi inaendelea. Wakati wa kutoa mayai akiwa bado yupo, watatumia mbegu mbichi. Akiwa ameondoka, watayeyusha zile.

Siku hiyohiyo asaini kila fomu ya idhini inayohitaji mkono wake: kutungisha, kugandisha viinitete, kupandikiza akiwa hayupo, na nini kifanyike mmoja wenu akifa au mkiachana. Ni maswali mazito kuyajibu kwenye benchi la kliniki saa tatu asubuhi, kwa hiyo yazungumzeni kwenye simu kabla hajaja. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi wa Kisunni huruhusu upandikizaji kwa mbegu za mume na yai la mke ndoa ikiwa ingali hai, na hawaruhusu mtu wa tatu. Kiinitete cha aliyefiwa au aliyeachwa nacho kina hukumu yake. Muulize shehe wako, lakini muulize mapema. Kanisa Katoliki kwa upande wake linapinga upandikizaji wenyewe, na najua kina dada walioamua wakiwa na machozi.

Jinsi mzunguko unavyokwenda, ili uweze kuulinganisha na likizo: sindano za kukuza mayai huanza siku ya pili au ya tatu ya hedhi, huendelea siku 8 mpaka 14, na kila baada ya siku mbili tatu unapimwa. Mayai yakifika ukubwa unaotakiwa unachomwa sindano ya mwisho ya kuyapevusha, kwa saa kamili. Yangu niliambiwa saa nne na nusu usiku, si saa nne, si saa tano. Nilikaa kitandani nikiitazama simu, mume wangu kwenye video kutoka Leicester akihesabu dakika pamoja nami. Mayai hutolewa baada ya kama saa 36, kwa hiyo keshokutwa yake saa nne na nusu asubuhi nilikuwa mezani, nikalazwa usingizi mwepesi, nikaamka imekwisha. Siku tano baadaye wakapiga simu: viinitete vitatu vimefika hatua ya kugandishwa.

Ukitaka hedhi ianze karibu na siku anayowasili, kliniki inaweza kukupa vidonge vya kuisogeza. Uliza hilo mwezi mmoja au miwili kabla. Likizo ya siku 14 haitoshi mzunguko mzima. Mkiweza, siku 21. Mkishindwa, zile siku mbili za mwanzo za kugandisha na kusaini ndizo muhimu. Hata aje kwa wikendi ndefu.

Dawa nyingine hukaa kwenye baridi. Kama unatoka Mombasa, Malindi au Kisumu, beba chupa ya chai yenye barafu na kitambaa katikati ili sindano isigusane na barafu, maana ikiganda imeharibika. Kaa Nairobi siku zote za mwisho. Tumbo likivimba ghafla, ukashindwa kupumua vizuri au mkojo ukapungua, rudi kliniki usiku huohuo. Ovari zimechochewa kupita kiasi, na hilo si la kuvumiliwa kwa panadol.

Tunza risiti zote zenye majina yenu wawili, tiketi za ndege, na picha. Wapo waliozitumia kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli, nazo husaidia. Huhitaji kupeleka majibu ya vipimo vya ndani. Barua fupi ya kliniki inatosha.

Eksirei kabla ya kupandikiza

Mkazi wa Kenya au Tanzania anayeomba viza ya mwenzi lazima awe na cheti cha kifua kikuu kutoka kituo kilichoidhinishwa. Nairobi ni IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, na Dar es Salaam vilevile ni IOM. Kipimo chenyewe ni picha ya kifua. Cheti hudumu miezi sita na lazima kiwe hai siku unapowasilisha ombi.

Ukienda ukiwa na mimba utapewa kuchagua: kupigwa picha ukiwa umevishwa tumboni aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, kutoa makohozi, au kungoja ujifungue. Makohozi huoteshwa maabara kwa wiki nane hivi. Aproni ni salama, kipimo cha mionzi ya kifua ni kidogo, lakini mwambie hayo mwanamke aliyepata mimba baada ya miaka sita na laki nane. Nimemwona mmoja akikataa katakata, akasubiri makohozi, na hati za mshahara za mumewe zikapitwa na siku 28.

Basi utaratibu unaokwenda vizuri ni huu. Toa mayai, gandisha viinitete. Pumzika mzunguko mmoja. Nenda kapige picha ya kifua, pata cheti. Mume afunge hati zake za miezi sita, ombi liwasilishwe, utoe alama za vidole. Kisha ndiyo upandikize, ukiamua kupandikiza kabla ya majibu. Usipige picha mapema sana ukafurahi, halafu cheti kikafa mkiwa bado mnahangaika na mshahara.

Kupandikiza kiinitete kilichogandishwa ni kwepesi kuliko yote. Vidonge vya kuandaa ukuta wa kizazi kwa wiki mbili tatu, homoni ya projesteroni kwa siku tano, kisha dakika kumi mezani bila usingizi. Mume haitajiki kuwepo. Ndiyo maana fomu zilisainiwa.

Upandikize hapa au usubiri ufike kule?

Wengi hudhani wakifika Uingereza, NHS, huduma ya afya ya serikali ya kule, itawafanyia bure kwa kuwa wamelipa ada ya afya. Hapana. Tangu tarehe 21 Agosti 2017, aliyeingia kwa viza na kulipa ada hiyo hapati matibabu ya kusaidiwa kushika mimba bila malipo. Anaweza kuyapata akishakuwa na ukaazi wa kudumu, na kwa mwenzi huo ni baada ya miaka mitano. Ukiwa na 36 leo, fanya hesabu mwenyewe. Hospitali binafsi kule mzunguko mmoja ni pauni 5,000 na kuzidi, tena kwenye nchi usiyoijua, bila mama na bila dada wa kukupikia uji.

Ujauzito wenyewe, kliniki ya wajawazito na kujifungua vinalipiwa na ile ada uliyokwisha kutoa. Kwa hiyo kinachowafaa wengi kifedha ni kushika mimba hapa na kuzaa kule. Mimba si sababu ya kunyimwa viza ya mwenzi.

Lakini majibu yakichelewa? Jiulize swali la hadhi ya mume tuliloanza nalo. Kama mtoto atakuwa raia popote atakapozaliwa, pandikiza, viza ikichelewa utajifungulia kwenu ukiwa umezungukwa na watu wako. Kama hatakuwa raia, na umri unakuruhusu, subiri viza itoke ndipo upandikize, ukiwa na muda wa kusafiri kabla mimba haijawa kubwa. Mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari baada ya wiki 28 na hayapandishi mjamzito aliyepita wiki 36, na pacha ni mapema zaidi. Ndiyo sababu nyingine ya kupandikiza kimoja tu, hata kama shangazi anaombea mapacha.

Usijaribu njia ya mkato ya viza ya matembezi ukaenda kuzalia kule. Huwezi kuigeuza kuwa ya mwenzi ukiwa ndani, na mgeni hutozwa asilimia 150 ya bei ya NHS kwa huduma za uzazi. Hawatakufukuza hospitalini, lakini bili itakufuata mpaka kwenye ombi lako linalofuata.

Kama viinitete vitasafiri

Inawezekana kuvihamisha kutoka Nairobi kwenda kliniki ya Uingereza ndani ya tangi la naitrojeni, lakini huko vinatawaliwa na HFEA, mamlaka yao ya kusimamia matibabu ya uzazi, na kliniki ya kupokea ndiyo inayopaswa kuwa na ruhusa. Waandikie kabla ya kugandisha Nairobi, si baada, uwaulize ni vipimo gani vya damu vinavyotakiwa na lini. Kipimo kilichosahaulika siku ya kugandisha hakirudiwi. Na kama mlitumia mtoaji wa yai au mbegu asiyejulikana, havitaruhusiwa: Uingereza iliacha watoaji wa siri mwaka 2005.

Ukishika mimba na viza ikatoka

Usipande ndege kabla ya ultrasaundi ya wiki ya sita hadi ya nane. Inahakikisha mimba iko ndani ya kizazi, na mimba ya mrija juu ya Sahara ni hatari kubwa. Kwenye mkoba wa mkononi weka projesteroni zako na barua ya dawa, muhtasari wa matibabu kwa Kiingereza, tarehe ya kupandikiza, kundi la damu na majibu ya vipimo. Ukifika, wiki hiyohiyo jisajili kwa daktari wa mtaa na uombe mkunga. Hupenda kukuona kabla ya wiki ya kumi, na ultrasaundi yao ya kwanza ni kati ya wiki 11 na 14. Watakuuliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Wewe wape tarehe ya kupandikiza, ndiyo sahihi zaidi.

Na kabla hujafunga laini yako ya simu ya Kenya, nenda kliniki ukabadilishe namba na barua pepe. Viinitete vyangu viwili bado viko Nairobi, na bili ya kuvitunza huja kila mwaka. Mwaka wa kwanza ilitumwa kwenye laini niliyokuwa nimemwachia mdogo wangu, naye akadhani ni matapeli, akaifuta.